Dkt. Charles Brenton Huggins (1901–1997): Tabibu, Mtafiti na Mlezi wa Watafiti

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, mzee aliyegunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa mifupani hakuwa na pa kukimbilia. Kisu cha mpasuaji hakikuweza kuufuata ugonjwa kila mahali ulikokwenda. Mionzi iliwapunguzia wengine maumivu kwa muda, na baada ya hapo ilibaki dawa ya usingizi na kitanda. Aliyebadili hali hiyo ni Dkt. Charles Brenton Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani.

Utumishi wake ulikuwa na sehemu mbili zisizotenganishika. Ya kwanza ni ugunduzi wake kwamba baadhi ya saratani hutegemea homoni za mwili ili ziishi na kukua, na kwamba zikinyimwa homoni hizo hunywea. Ya pili, ambayo haikutangazwa sana, ni kazi ya kuwalea vijana katika utafiti hadi wakaweza kusimama wenyewe. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyoiendeleza ya kwanza, kwa kuwa tiba aliyoigundua ilikuwa na upungufu ambao mtu mmoja asingeweza kuumaliza katika maisha yake.

KUZALIWA NA ELIMU

Charles Huggins alizaliwa tarehe 22 Septemba 1901 katika mji wa Halifax, jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada. Baba yake alikuwa mfamasia. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Acadia, kilichoko Wolfville katika jimbo hilohilo, akahitimu shahada yake ya kwanza mwaka 1920, kabla hajatimiza miaka 19. Kutoka hapo alijiunga na Shule ya Udaktari ya Harvard huko Boston, akapata shahada ya udaktari mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 22.

Baada ya masomo alikwenda Ann Arbor, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambako alijifunza upasuaji chini ya Profesa Frederick Coller. Huko ndiko alikokutana na Margaret Wellman, aliyekuwa muuguzi. Walifunga ndoa mwaka 1927, wakajaliwa watoto wawili, Charles na Emily. Mwana huyo naye alikuja kuwa daktari mpasuaji, akajulikana kwa kazi yake ya kuhifadhi damu kwa kuigandisha.

KUITWA CHICAGO

Mwaka huohuo wa 1927, Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kinaanzisha shule yake mpya ya udaktari. Huggins alikuwa miongoni mwa walimu wachache wa kwanza walioajiriwa. Shule hiyo ilikuwa na utaratibu wake: madaktari walilipwa mshahara na chuo, hawakutegemea ada za wagonjwa binafsi, ili wapate muda wa kufundisha na kutafiti. Mkuu wa idara ya upasuaji, Profesa Dallas Phemister, alimkabidhi Huggins magonjwa ya mfumo wa mkojo, yaani figo, kibofu, tezi dume na njia zake.

Hiyo haikuwa fani aliyokuwa ameisomea. Kijana huyo alichukua kitabu kikubwa cha fani hiyo, akakisoma kwa muda mfupi hadi akakishika, kisha akaingia wodini. Jambo hilo liliacha alama katika malezi yake ya baadaye. Kwa kuwa yeye mwenyewe alianza bila kujua, hakumdharau kijana aliyefika kwake bila kujua. Alimdai tu awe tayari kujifunza na kufanya kazi.

Mapema katika miaka ya 1930 alisafiri kwenda Ulaya ili kujifunza kemia ya viumbe hai. Mjini Berlin alifanya kazi katika maabara ya Otto Warburg, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931. Kwa Warburg aliona jinsi swali kubwa la ugonjwa linavyoweza kujibiwa kwa kipimo kidogo kilichopimwa kwa uangalifu, na kwamba mkuu wa maabara hana budi kushika vyombo kwa mikono yake. Urafiki wao uliendelea kwa miaka mingi.

Katika kipindi hicho pia alitoa kazi yake ya kwanza iliyowashangaza wenzake. Mwaka 1931 alionyesha kwamba ngozi laini ya ndani ya kibofu, ikipandikizwa katika nyama ya mnyama, inaweza kusababisha mfupa kuota mahali pasipo na mfupa. Wakati huo jambo hilo lilionekana kama ajabu tu. Hata hivyo Huggins hakulisahau, akalirudia zaidi ya miaka 30 baadaye.

MBWA NA TEZI DUME

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mwanamume, kikizunguka mwanzo wa njia ya mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Kwa wazee wengi huvimba na kuziba mkojo, na kwa baadhi yao huingiwa na saratani. Mnyama mwingine wa kufugwa ambaye hupata uvimbe wa tezi hiyo uzeeni kama mwanadamu ni mbwa, na kwa sababu hiyo Huggins alimchagua mbwa.

Mwaka 1939 yeye na wenzake walitangaza njia ya upasuaji iliyowawezesha kukusanya majimaji ya tezi dume ya mbwa peke yake, bila kuchanganyika na mkojo, kwa miezi mingi mfululizo. Sasa nguvu ya tezi iliweza kupimwa siku kwa siku. Korodani zilipoondolewa, majimaji yalikauka na tezi ikanywea. Mbwa alipodungwa homoni ya kiume, majimaji yalirudi. Alipodungwa homoni ya kike, estrojeni, yalipungua tena.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo mwanzoni lilikuwa kero. Baadhi ya mbwa wazee walikuwa na tezi zilizovimba, na vipimo vyao viliharibu hesabu. Badala ya kuwaacha mbwa hao, Huggins aliwatafuta kwa makusudi. Mwaka 1940, akishirikiana na Philip Clark, alionyesha kwamba hata tezi iliyovimba hunywea homoni ya kiume inapoondolewa au inapopingwa na estrojeni. Swali lililofuata lilikuwa zito: ikiwa uvimbe wa mbwa unatii homoni, je, saratani ya mwanadamu nayo haitatii?

Wakati huo wanasayansi wengi waliamini kwamba chembechembe ya saratani imekwisha kuasi sheria zote za mwili na haisikilizi amri yoyote. Ni kweli kwamba mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alikuwa ametangaza kwamba saratani ya matiti kwa baadhi ya wanawake hupungua baada ya kuondolewa ovari, lakini sababu yake haikufahamika.

MWAKA 1941

Ili kujibu swali hilo kwa mwanadamu, Huggins alihitaji kipimo cha damu. Kipimo hicho kilikuwa kimekwisha kupatikana. Mwaka 1938 Alexander na Ethel Gutman wa New York walikuwa wameonyesha kwamba kimeng'enya cha fosfatasi asidi, kinachotengenezwa kwa wingi na tezi dume, huongezeka katika damu ya wagonjwa ambao saratani yao imesambaa. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa kimeng'enya hicho kungeeleza kama saratani inaendelea au inarudi nyuma.

Aliyeshirikiana naye katika kazi hiyo ni Clarence Hodges, kijana aliyekuwa bado katika hatua za mwanzo za udaktari. Majina yao mawili yalitoka pamoja mwaka 1941 katika taarifa iliyohusu wagonjwa 8. Korodani zilipoondolewa, kimeng'enya kilishuka. Mgonjwa alipodungwa homoni ya kiume, kilipanda. Alipopewa estrojeni, kilishuka. Saratani, ambayo ilidhaniwa kuwa haitii amri, ilikuwa imeonekana ikitii.

Mwaka huohuo taarifa nyingine, iliyoandikwa pamoja na R. E. Stevens na Hodges, ilieleza habari za wagonjwa 21 walioondolewa korodani. Wengi wao walikuwa katika hali mbaya. Baada ya upasuaji, baadhi yao waliacha kuhitaji dawa za maumivu katika muda mfupi, wakaanza kula, wakaongezeka uzito, wakatoka kitandani. Wachache kati ya wagonjwa hao waliishi miaka mingi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani iliyokwisha kusambaa mwilini kurudishwa nyuma kwa njia iliyoeleweka sababu yake.

Upasuaji huo haukuwa jambo jepesi kwa mwanamume yeyote kuukubali. Kwa wale ambao hawakuutaka, vidonge vya homoni ya kike iliyotengenezwa maabara, iliyogunduliwa London mwaka 1938 na kundi la Charles Dodds, vilitoa njia nyingine. Ilipofika mwaka 1967 uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani ulibainisha kwamba vidonge hivyo kwa kipimo kikubwa viliwaua wengine kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na madaktari wakalazimika kuvitumia kwa hadhari.

KASORO YA TIBA NA MAJARIBIO MACHUNGU

Furaha ya mwaka 1941 haikuwa kamili. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa ulirudi baada ya muda, na uliporudi haukujali tena kwamba korodani hazipo. Huggins hakulificha jambo hilo. Alijiuliza homoni inayoilisha saratani hiyo inatoka wapi, akazitazama tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, ambazo nazo hutoa homoni za aina hiyo kwa kiasi.

Mwaka 1945, yeye na msaidizi wake William Wallace Scott walitangaza matokeo ya kuziondoa tezi hizo zote mbili kwa wagonjwa 4 ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda. Matokeo yalikuwa ya huzuni. Mwanadamu hawezi kuishi bila tezi hizo pasipo kupewa homoni badala yake, na dawa zilizokuwapo hazikutosha. Wagonjwa hawakuishi muda mrefu. Daktari mwingine angaliweza kuinyamazia habari hiyo. Huggins na Scott waliiandika na kuichapisha, ili anayekuja nyuma ajue njia imefika wapi na imezibwa na nini.

Kizuizi hicho kiliondoka baada ya mwaka 1949, kotisoni ilipoanza kutumika katika tiba. Mapema katika miaka ya 1950 Huggins na Delbert Bergenstal waliurudia upasuaji huo, na mara hii wagonjwa waliishi kwa msaada wa kotisoni. Baadhi ya wagonjwa wa saratani ya tezi dume, na hasa wanawake kadhaa wenye saratani ya matiti iliyosambaa, walipata nafuu. Hivyo fikra iliyoanza kwa mbwa na tezi dume ilifika pia kwa akina mama.

MAABARA YA BEN MAY

Mwaka 1951 mfanyabiashara Ben May, wa mji wa Mobile katika jimbo la Alabama, alitoa fedha zilizowezesha Chuo Kikuu cha Chicago kufungua maabara ya utafiti wa saratani yenye jina lake. Huggins aliwekwa kuwa mkurugenzi wa kwanza, akashika nafasi hiyo hadi mwaka 1969.

Kwa umaarufu aliokuwa nao angaliweza kukusanya jeshi la wasaidizi na kukaa ofisini akisaini barua. Hakufanya hivyo. Aliamini katika kundi dogo, ambamo kila mtu ana swali lake na kila mtu anafanya majaribio kwa mikono yake, akianza na mkuu mwenyewe. Alifika mapema, akawashughulikia panya wake, akapima, akaandika. Kijana aliyekuja kujifunza hakuhitaji kuelezwa kwa maneno mengi jinsi mtafiti anavyoishi. Alimwona mkuu wake kila asubuhi.

Alikuwa mkali juu ya muda na juu ya usahihi wa vipimo, wala hakupenda vikao virefu. Lakini ukali wake uliambatana na uhuru. Aliwachagua watu wenye ujuzi tofauti na wake, hasa wanakemia, akawaachia wafuate maswali yao hata yalipowapeleka mbali na yake. Wengine walitoka Marekani, wengine walitoka Asia.

Katika maabara hiyo, mwaka 1961, yeye na wenzake walionyesha kwamba panya jike wa aina fulani akilishwa mara moja tu kemikali moja maalumu atapata saratani ya matiti katika muda mfupi. Njia hiyo ilienea katika maabara nyingi duniani, kwa kuwa iliwawezesha watafiti kujaribu dawa kwa haraka kabla ya kuzipeleka kwa wagonjwa.

WALIOLELEWA NAYE

Orodha ya waliopita mikononi mwake ni ndefu, na wachache tu wanaweza kutajwa hapa. Clarence Hodges, yule kijana wa mwaka 1941, alikuja kuongoza idara ya magonjwa ya mfumo wa mkojo katika shule ya udaktari ya Portland, Oregon. William Scott, aliyeshiriki naye yale majaribio machungu ya mwaka 1945, alikabidhiwa mwaka 1946 kuiongoza Taasisi ya Brady katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akaiongoza hadi mwaka 1974 na kuwafundisha wengi.

Paul Talalay aliingia katika maabara ya Huggins akiwa kijana, akajifunza humo kuhusu vimeng'enya na homoni. Baadaye alihamia Johns Hopkins, ambako alichunguza namna mwili unavyojikinga na kemikali zinazoleta saratani. Mwaka 1992 kundi lake lilitangaza kwamba brokoli ina kemikali inayoamsha kinga hiyo.

Elwood Jensen, mwanakemia, aliajiriwa Chicago mwaka 1947. Huggins alikuwa ameonyesha kwamba homoni huitawala saratani. Jensen aliuliza ni kwa njia gani. Mwaka 1958 alieleza kwamba estrojeni hushikwa na protini maalumu ndani ya viungo inavyovitawala, ambayo huitwa kipokezi. Kutokana na kazi hiyo, madaktari waliweza kumpima mwanamke mwenye saratani ya matiti na kujua mapema kama tiba ya homoni itamfaa, hivyo wanawake wengi wakaepushwa na upasuaji usio na faida kwao. Jensen ndiye aliyemrithi Huggins katika ukurugenzi mwaka 1969. Shutsung Liao, aliyezaliwa Taiwan na kusomea Chicago, alifanya kazi ya namna hiyo kwa upande wa homoni ya kiume, akasaidia kufichua kipokezi chake ndani ya tezi dume mwishoni mwa miaka ya 1960.

TUZO NA MIAKA YA UZEENI

Mwaka 1966 Huggins alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, akigawana na Peyton Rous, mzee wa miaka 87, ambaye mwaka 1911 alikuwa amegundua virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Tangu taarifa ile ya wagonjwa 8 miaka 25 ilikuwa imepita. Huggins alikuwa na umri wa miaka 65, ambao watu wengi hustaafu, lakini alirudi maabara.

Alilirudia swali la ujana wake kuhusu mfupa unaoota mahali pasipo na mfupa. Akishirikiana na A. Hari Reddi, mtafiti kijana kutoka India, alichapisha mwaka 1972 maelezo ya hatua zinazopitiwa na chembechembe za kawaida zinapogeuzwa kuwa mfupa. Reddi aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, akawa miongoni mwa waliofungua njia ya kuzifahamu protini zinazoamrisha mfupa kuota.

Kuanzia mwaka 1972 hadi 1979 Huggins alitumikia pia akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Acadia, chuo alichosoma akiwa kijana. Mkewe Margaret alifariki mwaka 1983. Yeye mwenyewe alifariki mjini Chicago tarehe 12 Januari 1997, akiwa na umri wa miaka 95.

MATUNDA YA KAZI YAKE

Tangu miaka ya 1980 wagonjwa wengi wa saratani ya tezi dume wamekuwa wakipewa sindano zinazozizuia korodani kutoa homoni, badala ya upasuaji. Hata hivyo sindano hizo ni za gharama na hurudiwa mara kwa mara. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki upasuaji ule wa mwaka 1941 ungali unafanyika, kwa kuwa ni wa mara moja na gharama yake ni ndogo. Katika nchi nyingi za Afrika saratani hiyo ndiyo inayowapata wanaume zaidi kuliko saratani nyingine yoyote, na wengi wao hufika hospitalini ikiwa imekwisha kusambaa. Kwa mzee wa namna hiyo, kazi ya Huggins si historia ya mbali.

Yale majaribio machungu ya mwaka 1945 nayo hayakupotea. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha dawa ya abirateroni, iliyotokana na utafiti wa London, ambayo huzuia utengenezaji wa homoni ya kiume katika korodani, katika tezi za juu ya figo na ndani ya saratani yenyewe. Mwaka uliofuata iliidhinishwa dawa nyingine, enzalutamidi, inayokizuia kipokezi cha homoni hiyo. Ya kwanza inalenga palepale ambapo Huggins na Scott walipajaribu kwa kisu bila kufaulu, na ya pili inalenga kipokezi ambacho Liao alisaidia kukifichua. Dawa hizo huongeza maisha ya wagonjwa ambao ugonjwa wao umerudi, ingawa hazijaumaliza ugonjwa.

Jensen alifariki mwaka 2012, Liao mwaka 2014 na Talalay mwaka 2019. Wote watatu waliacha wanafunzi wao, ambao nao wana wanafunzi. Swali ambalo Huggins aliliacha wazi, kwa nini saratani iliyonyimwa homoni hujifunza kuishi bila kuitegemea, bado lipo mezani, na wanaolishughulikia leo ni watafiti ambao wengi wao hawakupata kumwona.